Sista Jela, Muuguzi Aliyefurahia Kutukanwa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Muuguzi Mkuu wa Wodi ya Homoni anastaafu. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia kwenye korido moja ya ghorofa ya pili, nyuma ya mlango unaotazamana na stoo ya mashuka. Nusu ya hospitali haijui jina lake la kwenye mkataba. Ukimtaja kwa jina hilo pale mapokezi, watakuuliza ni nani huyo. Ukisema Sista Jela, utasindikizwa mpaka mlangoni, na njiani utaonywa kwamba kapu lako litapekuliwa.

Jina hilo alipewa na mgonjwa, naye analivaa kama nishani. Lakini ili asiyefanya kazi kwetu aelewe kwa nini muuguzi ajivunie jina la namna hiyo, ni lazima kwanza aijue wodi yenyewe.

Tunahudumia watu wenye vivimbe vya aina ya pekee. Vingi ni vidogo, havionekani kwa nje wala havishikiki kwa mkono, na vingi si saratani. Shida ni kwamba vinatengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu bila mpango, kama bomba lililoharibika koki. Kwa hiyo mgonjwa wetu haji akisema ana uvimbe. Anakuja akilalamika juu ya viatu, usingizi, jasho, unene au ndoa. Mara nyingi ameshapita kwingi, na kila alikopita ameondoka na lawama nyingine: mvivu, mroho, mwoga, mlevi. Anapofika kwetu ameshaanza kuziamini.

Sista Jela hakuipenda wodi hii siku ya kwanza. Alikuwa ameomba wodi ya wazazi, maana alitaka kufanya kazi mahali ambapo watu wanaondoka na kitu mikononi. Akapewa vitanda viwili mwisho wa korido, feni moja inayopiga kelele bila upepo, na mgonjwa mmoja anayetazama ukuta. Mwenyewe husimulia kwamba alikuwa ameshaandika barua ya kuomba uhamisho. Halafu akaja seremala.

Seremala yule aliletwa na mkewe, na kilichowaleta ni ugomvi. Alikuwa amevua pete ya ndoa, na mke alitaka hospitali ishuhudie. Sista aliitazama mikono ya yule bwana, akamwomba kitambulisho, akamwita daktari, wote wawili wakaishika ile picha ya zamani kando ya uso wa mwenyewe. Pua ilikuwa imenenepa, taya limesogea mbele, vidole vimekuwa kama mipini ya nyundo. Pete haikuvuliwa, ilifukuzwa na kidole. Kivimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kilikuwa kikimwaga homoni ya ukuaji ndani ya mtu aliyemaliza kukua zamani. Mke aliomba radhi palepale, kisha akauliza kama dawa itarudisha na pua. “Mama, pua ndiyo hiyo,” Sista alimjibu. “Sisi tutajitahidi kukurudishia mume.” Barua ya uhamisho ikaishia kwenye ndoo ya taka.

Baada yake walifuata wengi. Tunamkumbuka karani mmoja kijana aliyekuwa akishikwa na mapigo ya moyo, kichwa na jasho kila anapoinama kupiga deki, na kwa bahati mbaya alipiga deki zaidi pale mama mkwe wake anapokuja kutembea. Ukoo mzima ulikubaliana kwamba binti anamwogopa mkwewe. Uvimbe ulikuwa kwenye tezi iliyokaa juu ya figo. Ulipotolewa, mama mkwe alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili akadai apewe barua yenye mhuri kwamba si yeye. Sista Jela alimtafutia daktari, barua ikaandikwa, mama akaondoka nayo ameishika juu kama cheti cha mtihani.

Kazi iliyomjengea jina, hata hivyo, ni kukaa na wagonjwa wanaofungishwa chakula. Kuna kivimbe kinachoota kwenye kongosho na kumwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mtu akila, mambo huenda vizuri. Akikaa na njaa, sukari huporomoka, na ubongo unaoitegemea sukari hiyo huanza kuyumba. Mtu anatetemeka, anaona vitu viwiliviwili, anapotea njia ya kwake, anagomba, anaanguka. Ili kukithibitisha, tunamlaza wodini bila chakula, tunamchunga, na sukari ikishuka na dalili zikaonekana tunachukua damu papo hapo, kisha tunampa sukari haraka kabla hajadhurika. Ukichelewa, ni hatari. Ukiwahi kupita kiasi, umemtesa bure.

Hapo ndipo Sista Jela alipokuwa bingwa. Alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda, akakataa katakata kupewa cha sponji, akisema kwamba kiti laini kinalala kabla ya mtu. Hakuna aliyeruhusiwa kunywa chai mbele ya mgonjwa wake; tulikunywa kwenye ngazi, tumesimama, kama wanafunzi waliotoroka darasani. Makapu ya ndugu aliyapekua mwenyewe. Amewahi kukuta keki chini ya nepi za mtoto, na asali ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Shangazi mmoja alipomfokea kwamba anamuua mtoto wa watu kwa njaa, alimkalisha chini na kumwambia, “Shangazi, ukimpa kijiko kimoja tu, tunaanza upya kesho. Mpende, lakini mpende kuanzia keshokutwa.”

Sasa, sukari ikishuka, wapole wengi hugeuka wakali, na wa kwanza kuuona ukali wao ni yule aliyekaa karibu. Sista Jela ametukanwa kuliko refa yeyote. Mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini na suruali iliyopigwa pasi, ndiye aliyemwita askari jela mwenye roho ya kutu. Sista alipiga makofi kwa furaha, akamchoma kidole, na kipimo kikaonyesha kile kilichokuwa kikitafutwa kwa miezi. Kesho yake mwalimu hakukumbuka neno. Kutokana na hayo Sista alianzisha desturi ambayo haimo katika kitabu chochote cha uuguzi: kila anayeanza kufunga humwomba msamaha mapema. Wagonjwa hucheka, huomba, naye huwajibu kwa uzito wote, “Nimekusamehe. Sasa kuwa huru.”

Dereva wa basi la shule peke yake ndiye aliyekataa. “Niombe msamaha kwa kosa ambalo sijafanya?” alimwambia. “Subiri nifanye kwanza, nilifurahie.”

Habari ya dereva huyu tunaieleza kwa urefu kwa sababu Sista Jela mwenyewe ameomba tuieleze, na tena akasisitiza kwamba tusiondoe sehemu inayomwonyesha vibaya.

Alikuja kwetu akiwa na siku chache tu za kuokoa kazi yake. Kwa miezi kadhaa alikuwa akianza safari ya asubuhi vizuri, halafu katikati anaharibikiwa. Siku moja alilipita geti la shule na kuendelea moja kwa moja, watoto wakishangilia kwamba leo ni matembezi. Siku nyingine alisimamisha basi kando ya mzunguko wa barabara, akakaa ameshika usukani, hajui aendako. Wazazi walilalamika. Mifukoni mwake zilikutwa pipi tele, na watu wakasema ni za kuficha harufu ya pombe. Bwana huyu hajawahi kunywa pombe maishani. Mama yake mzazi, aliyemlea kwa ukali juu ya jambo hilo hilo, alikuwa ameacha kupokea simu zake. Kamati ya shule ilikuwa ikutane Ijumaa kumfukuza, na barua yenye neno ulevi ingemfunga njia kwa mwajiri mwingine yeyote.

Alipimwa mara ya kwanza, sukari ikawa sawa kabisa. Haikushangaza: alikuwa amemaliza pipi nne kwenye benchi la kusubiri. Pipi zilikuwa zimeufundisha mwili wake kile ambacho yeye mwenyewe hakukijua, kwamba akiramba kitu kitamu ukungu unaondoka. Daktari akaamua afungishwe. Sista Jela alimnyang'anya funguo za basi kabla hata ya kumpa shuka, akamwambia kwamba awe mlevi au asiwe, hagusi usukani mpaka tujue. Alizitoa kwa shida na kwa maneno mengi.

Maneno, kwa kweli, hayakuwa tatizo lake. Dereva alikuwa na ulimi mkali tangu akiwa mzima, na shuleni watoto walimpenda kwa huo. Saa ya kwanza alilalamikia godoro. Saa ya pili alituambia feni yetu ina pumu. Mpimaji damu naye aliulizwa kama aliisomea kazi hiyo au aliikuta njiani. Sista Jela alikaa kwenye kiti chake akifurahi, anajibu mapigo, anasubiri. Alituagiza wote: huyu akizidisha, niiteni hata nikiwa chooni. Siku nzima ikapita. Dereva hakuzidisha. Kila kipimo kilirudi chini kidogo, lakini si chini vya kutosha, na yeye mwenyewe alikuwa macho, akihesabu saa zilizobaki kabla ya kamati kukutana.

Siku ya pili mchana alitulia. Alimshukuru mfanyausafi kwa kupangusa chini ya kitanda. Alimwambia muuguzi wa zamu “tafadhali” na “samahani mdogo wangu.” Alisema feni inampepea vizuri. Wodi nzima ilipumua. Hapo ndipo Sista Jela alipokosea, na hii ndiyo sehemu aliyotukataza kuiondoa. Alitoka mpaka kwenye ngazi, akajimiminia chai, akatuambia kwa kujisifu kwamba hata mwenye kichwa kigumu kiasi gani, akikaa naye siku mbili, anashika adabu.

Mke wa dereva ni msusi. Alikuja saa ya kuona wagonjwa moja kwa moja kutoka saluni, vidole bado vina mafuta, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Alimkuta mumewe ameegemea mto, anatabasamu. “Karibu mke wangu,” dereva alimwambia. “Asante sana kwa kuja. Pole na kazi.” Mwanamke alisimama pale mlangoni asiingie. Aligeuka akatutazama sisi tuliokuwa kwenye ngazi na vikombe vyetu. “Nani amemfanya nini mume wangu?” alisema. “Huyu siye. Miaka yote hii sijawahi kupewa asante yenye ‘sana’ ndani yake. Sista, huyu siye!”

Muuguzi mwingine angemtuliza, angemwambia mumewe anaendelea vizuri. Sista Jela alikiacha kikombe kwenye ngazi na kukimbia. Alimuuliza dereva jina la mwanawe wa kwanza. Akatabasamu, akasema ni mtoto mzuri. Akamuuliza tuko wapi. Akasema tukae tu, tuko pazuri. Kidole kikachomwa, na namba iliyotokea kwenye kipimo ilikuwa ya kutisha. Damu ikavutwa mkononi, chupa zikatumbukizwa kwenye bakuli la barafu ili damu isiharibike njiani, na kijana wa maabara akashuka nazo ngazi mbili mbili. Sukari ikaingizwa kwa sindano kwenye mshipa. Mke alikuwa ameshika mguu wa kitanda, hapumui, na sisi pia.

Ilichukua dakika chache. Dereva alipepesa macho, akaangaza huku na huku, akasogeza shingo. “Nani ameniwekea huu mto wa zege?” aliuliza. “Mnanitibu au mnanivunja shingo? Na wewe, saluni umemwachia nani?”

Msusi alicheka na kulia kwa pamoja. Alimwambia mumewe aendelee, aseme tena, aseme chochote. Tuliokuwepo tunasema hiyo ndiyo mara pekee Sista Jela alipoonekana akijifuta macho ndani ya zamu, ingawa mwenyewe anadai ni mafuta ya nywele.

Maabara walithibitisha: sukari chini kabisa, na insulini juu, ikimwagwa wakati ambao mwili mzima wa mtu hufunga bomba lake. Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko ya Sista Jela. Alivaa sare iliyonyooshwa, akaongozana na daktari na dereva mwenyewe, aliyeridhia ugonjwa wake uelezwe, mpaka kwenye ukumbi wa kamati. Daktari alieleza majibu. Mjumbe mmoja, aliyekuwa ameliongoza shauri la kumfukuza, aliuliza kama ina maana zile pipi hazikuwa za kuficha kitu. “Bwana mjumbe,” Sista Jela alimjibu, “zile pipi ndizo zilizokuwa zinawarudisha watoto wenu nyumbani.” Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki, aliongeza kwamba kamati ilikuwa sahihi kumtoa barabarani, ilikosea sababu tu. Neno ulevi likafutwa. Dereva akapewa kazi ya stoo ya shule mpaka atakapotibiwa. Mama yake alimpigia simu jioni ile kabla hajafika kwake.

Kivimbe kilichopatikana kwenye kongosho hakikuzidi punje ya haragwe. Kilitolewa na madaktari wa upasuaji wa hospitali hii, kazi safi ambayo hata leo wanaitaja wakipewa nafasi. Baada ya miezi ya kupimwa na kupimwa tena, bila sukari kushuka hata mara moja, dereva alirudishiwa funguo zake.

Jumatatu iliyofuata operesheni ile, Sista Jela alituita sote kwenye chumba cha wauguzi. Alisema kwamba kwa miaka yote alikuwa akingojea ukali kwa sababu ukali ndio aliouzoea, na kwamba karibu ampoteze mgonjwa kwa kumsifia adabu. Alisema kivimbe hakina tabia yake chenyewe. Kinachofanya ni kumwondoa mtu kwenye tabia yake, kwa hiyo lazima tuijue tabia hiyo kwanza, na sisi hatuijui. Anayeijua ni yule anayeishi naye. Tangu hapo, kabla ya presha, kabla ya uzito, mgonjwa yeyote akiingia wodini kwetu, tunamgeukia aliyemleta, awe mke, kaka, jirani au mpangaji mwenzake, na kumuuliza: akiwa mzima, yukoje? Wengine hushangaa. Wengine huanza kulia, kwa kuwa ni mara ya kwanza mtu kuwauliza. Swali hilo limetuonyesha zaidi ya mashine yoyote tuliyonunuliwa, na sasa wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo wanaondoka nalo kwenda hospitali nyingine.

Ameacha na mengine. Vitanda viwili vimekuwa vinane. Friji ya barafu imewekwa hatua chache kutoka mlangoni, baada ya yeye kuidai katika kila kikao mpaka mhasibu akawa anamkimbia kwenye lifti. Akipita na bakuli lake la barafu, hata mkurugenzi hujibana ukutani. Amewalea wauguzi ambao leo ni wakuu wa wodi zao, na kila mmoja wao amewahi kufokewa naye, na kila mmoja amewahi kupelekewa uji naye alipougua. Anaimba vibaya sana. Hilo pia ni sehemu ya historia ya wodi.

Mume wake, fundi umeme mstaafu, ametuomba kwa siri tumtafutie mkewe kazi ya kujitolea popote pale, maana ameshaanza kumuuliza kila asubuhi kama yeye ni yeye. Tumemjibu kwamba avumilie. Sisi tumevumilia, na tumefaidika.

Basi la shule hupita chini ya dirisha letu kila asubuhi, saa ambayo zamu zinabadilishana na wauguzi wanavuka barabara. Dereva hupunguza mwendo, hutoa kichwa dirishani na kuwauliza kwa sauti kama wanavuka au wanapima barabara kwa fundi cherehani. Watoto humo ndani huangua kicheko. Sista Jela, akiwa anaandaa makabidhiano, husimama, husikiliza mpaka neno la mwisho, kisha hurudi kwenye kazi yake. Hana haja ya kumchoma kidole.

Muuguzi Mkuu wetu, tunakushukuru kwa watu uliowarudisha nyumbani wakiwa wenyewe. Nenda ukapumzike, ule saa yoyote upendayo, unywe chai yako umekaa. Afya njema iwe nawe, na walio karibu nawe wakujue vizuri, kama ulivyotufundisha sisi kuwajua wengine.